Kobalti inasafisha hewa ya miji ya mbali, moshi wa mazutu unabaki Katanga

Magari mengi ya umeme yanayotembea leo Ulaya na Marekani yamebeba ndani ya betri zao kobalti iliyotoka Kolwezi, Fungurume au Likasi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inatoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Lakini kabla ya kufika kwenye betri ya gari lisilotoa moshi, kobalti hiyo inasafiri juu ya lori la mazutu. Lori hilo linapita kati ya nyumba za watu, kando ya masoko na shule, na nyuma yake linaacha wingu jeusi ambalo wakaaji wa Katanga wamelizoea kiasi cha kudhani kwamba ni sehemu ya hali ya hewa.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Nchi inayowapa wengine vifaa vya kusafisha hewa yao ndiyo inayopumua moshi wa injini ambazo hao wengine wamezitupa. Na kila mara suala hili likizungumzwa Lubumbashi au Kinshasa, jibu linalotolewa ni moja: tungojeeni magari ya umeme, yatafika siku moja.

Jibu hilo ni la kuwachelewesha watu. Mama anayeuza unga kando ya barabara ya kitaifa nambari 1 hatanunua gari la umeme mwaka huu wala mwaka kesho, na mwenye lori hatalitupa lori lake kesho asubuhi. Hata hivyo moshi unaweza kupungua sana bila kungoja siku hiyo. Dawa yake iko karibu, tena sehemu kubwa yake si ngeni: mazutu yenye salfa kidogo, ukaguzi wa kweli wa magari, na reli ya umeme ambayo Katanga iliwahi kuwa nayo zamani. Kinachokosekana ni uamuzi.

Moshi unaoua polepole

Watu wengi wanauchukia moshi wa mazutu kwa sababu unachafua nguo na kuwasha macho. Ubaya wake mkubwa hauonekani kwa macho. Ndani ya moshi huo mna chembe za masizi zenye upana wa chini ya sehemu 2.5 za elfu moja ya milimita. Unywele mmoja wa mtu ni mpana kuliko chembe hizo mara 20 au 30. Kwa sababu ya udogo huo, pua na koo haziwezi kuzizuia: zinashuka hadi mwisho wa mapafu, na nyingine zinaingia katika damu na kufika kwenye moyo na ubongo.

Tarehe 12 Juni 2012, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani (OMS) lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Kundi hilo ndilo lenye moshi wa sigara na asbesto. Wataalamu hawakufikia uamuzi huo kwa kubahatisha. Moja ya kazi walizozitegemea ilifuatilia wafanyakazi 12,315 wa migodi 8 ya Marekani. Wale waliovuta moshi mwingi wa mashine za dizeli walikuwa na hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu karibu mara 3 ya wale waliovuta kidogo.

Kwa jimbo la Haut-Katanga na lile la Lualaba, habari hiyo si ya watu wa mbali. Uthibitisho mzito kuhusu mazutu na kansa ulipatikana kwenye miili ya wachimba migodi. Kamoa-Kakula na Kipushi ni migodi ya chini ya ardhi. Na nje ya mgodi, dereva anayelala ndani ya lori lake katika foleni ya Kasumbalesa huku injini za wenzake zikinguruma, au mtoto anayekwenda shule kwa mguu kando ya barabara ya Likasi, hana kinyago wala mganga wa kampuni wa kumpima.

OMS inahesabu kwamba hewa chafu ya nje ilichangia vifo milioni 4.2 vya kabla ya wakati duniani katika mwaka wa 2019. Tangu mwaka 2021 shirika hilo linapendekeza kwamba hewa isiwe na zaidi ya maikrogramu 5 za chembe hizo ndogo kwa kila mita moja ya ujazo, kwa wastani wa mwaka. Awali kiwango kilikuwa 10. Kimeshushwa kwa sababu kila uchunguzi mpya unaonyesha kwamba hata moshi kidogo unadhuru.

Wapo watakaosema kwamba katika barabara za Katanga tatizo ni vumbi, si moshi. Ni kweli vumbi ni adui, na kampuni za migodi zinapaswa kumwaga maji na kuweka lami mahali malori yao yanapita. Lakini sehemu kubwa ya vumbi la barabara ni chembe nene zinazonaswa puani na kooni. Masizi ya mazutu yanapita hapo bila kizuizi. Anayeishi kando ya barabara anavipata vyote viwili, na kimoja hakiwezi kuwa kisingizio cha kukisahau kingine.

Malori mangapi kwa siku?

Hesabu nyepesi inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Kongo inachimba zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba kwa mwaka, karibu yote katika Katanga. Lori moja linabeba kama tani 30. Shaba hiyo peke yake inahitaji zaidi ya safari 83,000 kwa mwaka, sawa na malori zaidi ya 220 yanayotoka kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hapo kobalti haijahesabiwa. Hayajahesabiwa pia malori yanayoingia na asidi, chokaa, vipuri, chakula na mafuta yenyewe.

Mengi kati ya malori hayo yanashuka kutoka Kolwezi, yanapita Fungurume na Likasi, yanazunguka au kukatiza Lubumbashi, halafu yanaelekea Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia. Kutoka hapo yanakwenda Dar es Salaam, Durban, Beira au Walvis Bay. Kasumbalesa foleni inaweza kufika kilomita nyingi. Lori lililosimama huku injini inawaka halisafirishi chochote, linatoa moshi tu.

Gramu au kilo?

Si kila mazutu yanatoa moshi sawa. Tofauti kubwa iko katika salfa, ile ambayo wengine wanaiita kiberiti, inayotoka ardhini pamoja na mafuta ghafi. Kiwanda cha kusafisha mafuta kinaweza kuitoa karibu yote, au kuiacha. Ikiachwa, injini inaigeuza kuwa gesi inayokereta koo na chembe zinazoongeza masizi. Tena salfa inaharibu vifaa vya kusafisha moshi ambavyo viwanda vya magari vinafunga kwenye bomba. Lori jipya lenye filta likijazwa mazutu mabaya, baada ya muda filta inaziba, fundi anaikata, na lori jipya linatoa moshi kama la zamani.

Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2009 mazutu ya magari hayaruhusiwi kuwa na zaidi ya gramu 10 za salfa katika tani moja ya mafuta. Mwezi Septemba 2016, shirika la Uswisi Public Eye lilitoa ripoti juu ya mazutu yanayouzwa katika nchi 8 za Afrika. Kongo-Kinshasa haikuwa katika uchunguzi huo, lakini majirani zake Angola, Zambia na Kongo-Brazzaville zilikuwemo. Sampuli moja ilikutwa na gramu 3,780 kwa tani, yaani mara 378 ya kiwango cha Ulaya. Ripoti ilieleza pia kwamba mafuta ya namna hiyo yalichanganywa kwa makusudi kwa ajili ya soko la Afrika, mengine katika bandari za Ulaya ambako hayawezi kuuzwa. Jibu la wafanyabiashara lilikuwa kwamba hawakuvunja sheria: kila nchi ilipewa mafuta yanayolingana na viwango vyake.

Jibu hilo linauma, lakini lina somo. Mfanyabiashara anauza kile ambacho sheria ya mnunuzi inaruhusu. Tangi la lori la lita 40,000 lina tani kama 33 za mazutu. Mazutu yakiwa mabaya kama ile sampuli, ndani ya tangi hilo mna kilo zaidi ya 120 za salfa. Yakiwa ya kiwango cha gramu 50 kwa tani, salfa haifiki kilo 2. Lori ni lile lile, barabara ni ile ile, na dereva hawezi kuona tofauti kwa macho. Tofauti inaamuliwa na karatasi iliyotiwa sahihi ofisini.

Nchi zilizotia sahihi hiyo zipo. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilikubaliana katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kuingiza mazutu yasiyozidi gramu 50 za salfa kwa tani kuanzia Januari 2015. Ghana, iliyokuwa inakubali hadi gramu 3,000, ilishuka hadi 50 katika mwaka 2017, miezi michache tu baada ya ile ripoti ya Uswisi. Uholanzi nayo, kuanzia Aprili 2023, ilizuia bandari zake kupeleka Afrika mafuta yenye salfa nyingi. Zambia imekwenda mbali zaidi: tangu 2023 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, linabeba mazutu yenye salfa kidogo. Na Ndola haiko mbali na Kasumbalesa.

Kwa hiyo mazutu safi yako mlangoni. Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2022. Mafuta mengi yanayofika Bunia, Beni, Goma na Bukavu yanapitia Mombasa au Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya yale ya Lubumbashi inapanda kutoka bandari za upande huo huo. Kinshasa ikitangaza leo kwamba kiwango cha Jumuiya ni kiwango cha Kongo, meli hazitahitaji kubadilisha njia.

Kutangaza peke yake hakutoshi. Ofisi ya Udhibiti ya Kongo (OCC) ina kazi ya kupima bidhaa zinazoingia nchini, na mafuta ni bidhaa. Vipimo vya salfa vya kila shehena vitolewe hadharani, kama bei zinavyotolewa. Mbele ya kila stesheni bei ya lita moja imeandikwa kwa herufi kubwa. Kiwango cha salfa kiandikwe chini yake. Mteja ana haki ya kujua anachonunua, na anayevuta moshi ana haki zaidi.

Mafuta yakitoka kwenye stesheni, safari bado haijaisha. Wale vijana wanaouza katika bidoni kando ya barabara, ambao watu wanawaita Kadhafi, wanaziba pengo pale stesheni zinapokauka. Lakini bidoni haina cheti. Mazutu yakichanganywa na mafuta ya taa, injini inaharibika na moshi unaongezeka. Kuwafukuza vijana hao kwa fimbo hakusaidii kitu. Kinachowaondoa barabarani ni stesheni zenye mafuta kila siku.

Gari la mitumba na cheti cha stempu

Mafuta safi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni injini yenyewe. Kati ya mwaka 2015 na 2018, magari madogo ya mitumba milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, kulingana na ripoti ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira iliyotoka 2020. Sehemu kubwa yake ilikuja Afrika. Mengi yanafika yakiwa yamechoka, na mengine hayana tena kile kifaa cha kusafisha moshi, kwa sababu ndani yake mna platini na madini mengine ya thamani ambayo yananyofolewa na kuuzwa.

Majirani wameanza kufunga mlango. Kenya haikubali gari lenye zaidi ya miaka 8. Uganda ilizuia tangu 2018 magari yaliyozidi miaka 15. Kadiri milango hiyo inavyofungwa, magari ambayo Mombasa na Kampala zimeyakataa yanatafuta soko ambalo haliulizi maswali. Kongo isikubali kuwa soko hilo. Sheria ya umri wa gari ina maana tu kama inaheshimiwa Kasumbalesa, Bunagana, Kasindi na Uvira kama inavyoheshimiwa Matadi.

Kuna pia cheti cha ukaguzi wa gari, kile ambacho madereva wanakiita kontroli tekniki. Polisi wa rulaji anakiomba barabarani, dereva anakitoa, safari inaendelea. Cheti kikipatikana kwa stempu na franka, bila kifaa kuwekwa kwenye bomba la moshi, basi ni kodi tu. Lori linalotoa moshi mweusi mara nyingi lina ugonjwa ambao fundi yeyote mzuri anaujua: injekta zimechoka, filta ya hewa imeziba, au mzigo umezidi. Kuliponya ni faida hata kwa mwenye lori, kwa sababu moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua. Ni pesa inayotoka kupitia bomba.

Kampuni za migodi zina nguvu hapa kuliko polisi. Kampuni inayojitangaza mbele ya wateja wake kwamba inatoa madini ya mustakabali safi inaweza kuandika katika mkataba na wasafirishaji wake: lori lisilopimwa moshi haliingii getini kupakia. Malori mengi yana namba za Tanzania, Zambia au Afrika Kusini, na wenyewe wanasikiliza mkataba haraka kuliko wanavyosikiliza hotuba.

Reli ambayo wazee waliiona

Wakati watu wanaambiwa wangojee umeme wa kesho, historia ya Katanga inasema kitu kingine. Reli ilifika Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Elisabethville, mwaka 1910. Mwaka 1931 iliunganishwa na reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito kwenye bahari ya Atlantiki. Na mwaka 1952, wakati treni nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinavutwa kwa mvuke wa makaa, kipande kati ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na Tenke kilianza kutumia umeme. Baadaye nyaya ziliongezwa hadi mtandao ukawa na kilomita 858 za reli ya umeme. Nguvu yake ilitoka kwenye mabwawa ya Katanga. Treni ya shaba ilitembea kwa maji ya mito ya nyumbani, bila tone la mazutu.

Vita ya Angola iliyoanza 1975 iliikata njia ya Lobito. Miaka iliyofuata, kuanguka kwa Gécamines na kuchoka kwa shirika la reli SNCC kuliua kilichobaki. Mzigo ulihama kutoka reli kwenda barabara, na moshi ulihama nao kuingia katika miji.

Leo njia ya Lobito imerudi katika mazungumzo ya wakubwa. Mwaka 2022 Angola iliikabidhi reli yake kwa muda wa miaka 30 kwa kundi la kampuni ambamo mna Trafigura, Mota-Engil na Vecturis. Desemba 2024 rais wa Marekani Joe Biden alikwenda Lobito, na Rais Félix Tshisekedi alikuwepo. Kutoka Kolwezi hadi Lobito kwa reli ni kilomita kama 1,700, njia fupi kuliko ile ya Durban. Hata treni ya mazutu inatumia mafuta kidogo kuliko malori kwa tani ile ile, mara 3 hadi 4. Treni moja inaondoa barabarani makumi ya malori.

Lakini upande wa Kongo, kati ya Kolwezi na Dilolo, ndio bado unaumwa, na hapo ndipo serikali inapaswa kusema neno lake. Katika mazungumzo ya Lobito, swali linaloulizwa zaidi ni madini yatatoka haraka kiasi gani. Swali la wakaaji ni lingine: je, nyaya za umeme za 1952 zitarudi? Kama Wamarekani na Wazungu wanataka kobalti na shaba isiyo na doa, wachangie kuirudisha reli ya umeme ya Katanga, si kuweka injini za mazutu juu ya vyuma vipya. Ni kweli kwamba umeme haupo wa kutosha. Raia mmoja tu kati ya watano nchini ndiye anayeupata, na laini ya kilomita 1,700 inayoleta umeme wa Inga hadi Kolwezi tangu 1982 inapita juu ya vijiji vilivyo gizani. Kwa sababu hiyo reli isichukue umeme wa nyumba za watu. Mabwawa yaliyochoka yatengenezwe, na kampuni zenye faida zichangie gharama.

Kivu nayo ina njia yake

Katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, malori ya madini ni machache lakini moshi haukosekani: magari ya mitumba, jenereta za maduka na hospitali, malori ya chakula yanayopanda milima kwa shida. Huko mafuta mbadala yako chini ya maji. Ziwa Kivu lina gesi ya metani inayokadiriwa kuwa mita za ujazo bilioni 60. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unaigeuza kuwa megawati 26 za umeme tangu 2016. Gesi ya aina hiyo ikishindiliwa inaweza pia kuendesha gari: Dar es Salaam, bajaji, taksi na magari mengine yanatembea kwa gesi asilia ya Tanzania.

Gesi inapoungua haitoi masizi kama mazutu. Zaidi ya hayo, kuitoa ziwani kwa uangalifu kunapunguza hatari inayowatia hofu wanasayansi na wakaaji wa Goma na Bukavu, ile ya gesi kulipuka siku moja kutoka vilindini. Serikali iliweka sokoni maeneo matatu ya gesi ya ziwa mwezi Julai 2022. Tangu Januari na Februari 2025, Goma na Bukavu ziko mikononi mwa M23, na hakuna mtambo wa namna hiyo unaojengwa chini ya risasi. Amani ndiyo sharti la kwanza. Lakini siku amani itakaporudi, gesi hiyo isiandikwe tu katika mikataba ya kuuza nje. Sehemu yake ihudumie magari na majiko ya watu wanaoishi juu yake.

Nani atalipa?

Pingamizi zito kuliko yote ni la bei. Mazutu safi yatapanda bei, usafiri utapanda, unga utapanda, na maskini ndiye atakayelipa. Hofu hiyo ni ya haki katika nchi ambamo mabadiliko madogo kwenye stesheni yanaonekana siku hiyo hiyo sokoni. Lakini nchi za Afrika Mashariki zilibadilisha mwaka 2015 na malori yao hayakusimama; ndiyo hayo hayo yanayojaa leo Kasumbalesa. Tena nchini Kongo bei ya mafuta inapangwa na serikali, eneo kwa eneo, na mara nyingi serikali imewalipa wauzaji wa mafuta fidia ya hasara wanayoidai. Anayelipa ana haki ya kuchagua. Kama pesa ya raia inaingia katika mazutu hayo, raia apewe mazutu yasiyomuua.

Pesa ya ukaguzi na ya vipimo vya hewa pia ina mahali pa kutoka. Kanuni ya migodi ya mwaka 2018 inagawa ushuru wa madini: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au sekta yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Gavana au meya anayepokea fungu hilo hawezi kusema kwamba amekosa pesa ya kununua vipima hewa na kuviweka Kolwezi, Fungurume, Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa. Ugonjwa usiopimwa hauwezi kutibiwa, na kiongozi asiyetaka namba mara nyingi anaogopa kile ambacho namba zitasema.

Wengine watasema Kongo ni nchi ndogo mbele ya wafanyabiashara wakubwa wa mafuta, haina sauti. Mwaka 2025 umeonyesha kinyume. Mwezi Februari Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na mwezi Oktoba ikaweka kiwango kwa kila kampuni. Soko la dunia lilitikisika, na kampuni kubwa zikatii. Serikali iliyoweza kufanya hivyo kwa ajili ya bei ya madini haiwezi kusema kwamba imeshindwa kuandika namba 50 katika sheria ya mazutu kwa ajili ya mapafu ya watu wake.

Wabunge wa Haut-Katanga na Lualaba wana swali la kumuuliza waziri wa hidrokaburi: ni gramu ngapi za salfa zinazoruhusiwa katika mazutu yanayoingia Kasumbalesa, na nani alizipima mara ya mwisho? Jibu lake litafaa kusomwa hadharani, mbele ya wauza unga wa barabara ya Likasi.